Mdodoki Uliohojiwa Saa Sita Mchana

Kamati ya tarafa inawatangazia wananchi wote wa kijiji cha Ha Lieu kwamba, kuanzia siku ya kumi na tano ya mwezi wa tano, hapatakuwa na kaya yoyote yenye kichanja, kamba, mwanzi au mmea unaoning'inia juu ya njia ya umma. Kaya zote mia moja themanini na sita zimeweka sahihi kwa hiari yao. Mahali pa vichanja patapandwa maua ndani ya matairi yaliyopakwa rangi. Matairi yatatolewa bure, rangi watanunua wananchi. Kwa njia hiyo kijiji kitakuwa kimetimiza kigezo cha kumi na saba, na kitastahili kuitwa Kijiji cha Mfano.

Tangazo hilo lilisomwa na kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo kwenye kona ya ua wa Bibi Nhan, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, siku kumi mfululizo. Mtu anayekaa chini ya nguzo ile hawezi kusema hakusikia. Anaweza kusema mengine yote, lakini si hilo.

Bibi Nhan naye alikuwa ameweka sahihi kwa hiari yake. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Vuong, alimletea karatasi, kalamu, na ubao wa kuegemeza.

“Hapa, bibi. Weka jina tu.”

“Nikikataa?”

“Ukikataa tutakuwa asilimia tisini na tisa. Nani anatoa cheti kwa tisini na tisa?”

Akaweka jina. Kichwani alikuwa na jambo jingine, na jambo hilo lilikuwa limelala kwenye kitanda cha mwanzi uani, likitazama juu.

Mumewe, Mzee Khiet, alianguka mwezi wa tisa wa mwaka uliotangulia, kwenye tuta la jaruba, akiwa na ndoo ya kaa mkononi. Kaa walikwenda zao, yeye akabaki. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, karibu maneno yote, na nusu ya koo. Hospitalini walimpitishia mpira puani, akauchomoa. Wakampitishia tena, akauchomoa tena kwa mkono wa kushoto, ambao mpaka siku hiyo hakuna aliyejua kwamba una nguvu namna ile. Daktari, kijana mpole, akamwambia Bibi Nhan: “Mpeleke nyumbani, bibi. Mpe anachokipenda.”

Wengi husikia maneno hayo kama kuagwa. Bibi Nhan aliyasikia kama kazi aliyopewa.

Alichokipenda Mzee Khiet kilikuwa kitu kimoja: supu ya kaa na dodoki. Kaa wa majaruba hutwangwa na magamba yao, huchujwa, maji yake huwekwa motoni mpaka nyama inapanda juu kama povu, kisha hutiwa mlenda kidogo na dodoki changa lililokatwa vipande. Huteleza. Uji ulimkwama, maziwa ya kopo ya bei mbaya aliyotuma mwana wao Toan kutoka kiwandani yalimkwama. Supu hiyo ilipita. Lakini si kwa dodoki lolote. Nyumba ile ilikuwa na mbegu yake, ya madodoki mafupi, manene, yenye harufu kama ya chungu cha wali mpya kinapofunuliwa. Mama yake Khiet alikuja nayo alipoolewa. Madodoki ya sokoni ni marefu, yamenyooka, yanapendeza yakipangwa nyuma ya baiskeli. Mdodoki wa mwaka ule ulipokauka, kama ikaukavyo midodoki yote ikifika mwezi wa kumi, Bibi Nhan alinunua la sokoni lililokuja kutoka kusini, akapika, akampelekea mdomoni. Mzee akageuza uso ukutani. Mtu aliyeshindwa kulitaja jina la mwanawe alitamka neno moja, safi kabisa:

“Maji.”

Tangu hapo aliishi kwa maji ya wali, kijiko hiki na kijiko kile, huku Bibi Nhan akihesabu miezi hadi mavuno. Mifupa ya mabega ya mzee ilikuwa imeanza kuonekana kupitia shati, halafu ikaonekana kupitia shati na blanketi.

Mbegu zilikuwapo, au zilipaswa kuwapo. Kila mwaka dodoki moja huachwa lizeekee kwenye mmea, kisha huning'inizwa kwenye msumari jikoni, juu ya moshi, ambako wadudu hawafiki. Ukilitikisa linachakacha, ndiyo benki ya nyumba. Kwenye sikukuu ya mwaka mpya Toan alikuja na mkewe, Diep, binti wa mjini, mchapakazi, asiyeweza kukaa kwenye nyumba ya mama mkwe bila kusafisha kitu. Alisafisha jiko. Alipofika kwenye msumari alikuta dodoki limekauka, limejaa masizi. Akalimenya, akalikung'uta mbegu zake uani, akalichemsha, akalikata vipande vitatu vizuri.

“Mama, nimekutengenezea dodoki la kuoshea vyombo. Mjini hili moja tu unalipia.”

Bibi Nhan alilitazama. Kisha akaenda uani akawatazama kuku.

“Chinja,” alishauri jirani yake, Bibi Soi, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofaa kuwa ya kipaza sauti kama siasa ingemruhusu. “Chinja, dada. Huenda bado zimo kwenye firigisi.”

Wakachinja wawili. Kwenye firigisi kulikuwa na mchanga, kipande cha kigae, na mwaka mpya uliokwisha kusagwa. Mzee Khiet alipewa mchuzi wa kuku hao, hakuumeza.

Diep, alipoelezwa, alilia mpaka ikabidi Bibi Nhan ambembeleze, na hilo lilichukua jioni nzima.

Siku ya tisa, akiwa anasugua sufuria, Bibi Nhan alihisi kitu kigumu ndani ya nyuzi za kile kipande. Akakipasua. Akapasua na vile viwili. Akapata mbegu tatu, nyeusi, zilizochemshwa kidogo na kuoshwa kwa sabuni kwa siku tisa. Akazifunga kwenye leso, akalala nazo kifuani wiki mbili, kama kuku mwenye mayai ya wasiwasi.

Alizipanda mwezi wa pili. Ya kwanza ilioza. Ya pili ilitoa jani moja, konokono akaja akalila. Ya tatu ikaota.

Kosa lililofuata ni la mtu anayependa kupita kiasi. Bibi Nhan aliupa mdodoki ule kila kitu: maji ya kuoshea samaki, majivu, maganda ya mayai, mkojo uliotulizwa siku saba. Mdodoki ulinenepa. Ulitoa majani mapana kama sinia, na kwa kuwa nyumba ya ghorofa tatu ya jirani wa upande wa kusini imeunyima ua wote jua, mdodoki ulielekea mahali pekee penye jua, yaani hewani juu ya njia ya umma. Bibi Nhan akaufuata kwa mianzi. Hivyo kichanja kikavuka ukuta. Chini yake, upande wa ndani, akakiweka kitanda cha mumewe, ili apate kivuli na aone kinachomjia.

Hakikumjia kitu. Mwezi wote wa nne mdodoki ulitoa maua ya kiume matupu, ya manjano, makumi kwa makumi, yanafunguka alfajiri na kuanguka jioni. Ua la kike halifichiki, linakuja na kidodoki nyuma yake, kama kidole gumba cha mtoto. Kila asubuhi Bibi Nhan alipanda kwenye kiti akayageuza maua yote, moja moja, kutazama nyuma.

“Nipe hayo nikayakaange na vitunguu saumu, dada,” Bibi Soi alimwambia. “Wanaume wote hao juu ya kichanja na hakuna kazi wanayofanya. Kama mkutano wa kijiji.”

“Acha.”

“Basi usiku—”

“Acha, Soi. Leo amemeza vijiko viwili tu.”

Bibi Soi akaacha. Halafu, kwa kuwa hakuweza kuacha kabisa, akasema: “Siku ya tano ya mwezi wa tano tuuhoji.”

Hapo kila mtu wa Ha Lieu anaelewa. Siku hiyo asubuhi watu hula mchele wa kunata uliochachuka, kabla ya kitu kingine chochote, ili wadudu wa tumboni walewe wafe. Na saa sita mchana kamili, mti usiozaa huhojiwa. Mmoja hupanda juu akajificha kwenye majani. Mwingine husimama chini na kisu, akaupiga mti mara tatu kwa mgongo wa kisu, akauuliza: utazaa au hutazaa? usipozaa nakukata! Aliye juu hujibu kwa niaba ya mti: hulia, huomba, huahidi. Baada ya saa sita miti haisikii tena mpaka mwakani. Na katika kichochoro chetu, kwa miaka arobaini, aliyekuwa mti alikuwa Khiet. Alikuwa mfenesi wa nyumba hii na mkomamanga wa nyumba ile. Aliomba vizuri kiasi kwamba wanawake walitoka na mabakuli yao mikononi kuja kusikiliza, na mwaka mmoja mwenye kisu mwenyewe alilia. Mifenesi ilizaa au haikuzaa. Hilo halikumpunguzia sifa.

Ikakubaliwa kwamba Bibi Soi atakaa kwenye kiti nyuma ya majani, awe mdodoki.

Saa sita kasoro robo Bibi Soi hakuwapo. Umoja wa wanawake ulikuwa umemwita kufanya mazoezi ya ngoma ya vipepeo, kwa ajili ya ujumbe wa wilaya utakaokuja kukagua matairi. Bibi Nhan alisimama langoni akatazama huku na huku. Saa sita kasoro dakika mbili akachukua kisu, akarudi peke yake.

Shina la mdodoki si la mfenesi. Alilipiga polepole, kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

“Wewe mdodoki! Nimekulisha, nimekunywesha, nimekujengea. Umetoa majani kama nyaraka za serikali. Mwaka huu utazaa au hutazaa? Usipozaa nakukata!”

Nyenje wakaendelea na shughuli zao.

“Nakuuliza mara ya pili. Utazaa, au nikukate?”

“Kata.”

Bibi Nhan alitazama majani kwanza. Kisha akatazama kitanda.

“Nini?”

“Kata,” alisema Mzee Khiet, macho yakiwa juu.

Tangu aliposema ‘maji’ ilikuwa imepita miezi saba.

“Si hivyo,” alisema Bibi Nhan. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemrekebisha mwanafunzi. “Mti haujibu hivyo. Mti unaomba. Unasema, nihurumie, nitazaa. Unajua maneno, baba Toan. Umeyasema miaka arobaini, sasa yamekupotea? Sema vizuri.”

Mzee akatazama majani.

“Sema. Saa sita inapita.”

Saa sita ikapita. Bibi Nhan aliendelea kusimama na kisu, mzee aliendelea kutazama majani, na mdodoki, ambao ndio uliokuwa ukihojiwa, haukuonekana kuwa na wasiwasi wowote. Mwishowe akakisukuma kisu chini ya mkeka wa mumewe, akakaa juu yake.

Bibi Soi alifika akihema, kipepeo cha karatasi mgongoni.

“Nimechelewa? Umeshaulizwa?”

“Umeshaulizwa.”

“Umejibu nini?”

“Umesema utafikiri.”

Siku tatu baadaye, likiwa limejishikiza kwenye mwanzi wa mwisho kabisa, juu ya katikati ya njia ya umma, likaonekana ua la kike. Bibi Nhan hakuwangoja nyuki. Dawa za mpunga zimewafanya wawe wachache na wenye mashaka. Alichuma ua la kiume, akalivua petali, akalipaka la kike unga wake polepole, amesimama kwenye kiti katikati ya njia, pikipiki zikimpigia honi pande zote mbili. Kidodoki kikashika. Siku ya pili kilikuwa na urefu wa kidole, siku ya tatu kiganja. Mzee Khiet alionyeshwa. Kwa kidevu, bila shaka. Ha Lieu hakuna anayelinyoshea kidole dodoki changa: likinyoshewa linaoza, na aliyenyosha asipokiuma kidole hicho mara tatu hapohapo, lawama ni yake.

Bwana Vuong alifika siku ya kumi na tatu. Naye alitumia kidevu. Mwenyekiti ni mwenyekiti, lakini alizaliwa hapa.

“Bibi, kichanja.”

“Niongezee siku saba.”

“Ujumbe unakuja tarehe kumi na sita.”

“Wakiona kichanja kimoja watakufa?”

“Hawatakufa, bibi. Nitakufa mimi.”

“Na huyu?” Kidevu kikaelekea kitandani.

Bwana Vuong akavua kofia. Utotoni alikuwa amekaa begani kwa Mzee Khiet siku za kuhoji miti, akiambiwa asicheke. Akaigeuza mikononi, akaivaa tena.

“Sina la kufanya, bibi. Nimeandika mia kwa mia.”

“Ile nguzo ni ya kijiji?”

“Nguzo ipi?”

“Inayopiga kelele.”

“Hapana. Ni ya idara ya utamaduni ya tarafa. Mimi siruhusiwi hata kuiegemea bila barua.”

“Basi tangazo lako linahusu kaya, na nguzo si kaya.”

Bwana Vuong alitafakari kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. “Tangazo linasema mmea unaoning'inia.”

“Hautaning'inia. Utapanda.”

“Mimi,” alisema Bwana Vuong, “leo sijafika hapa.” Akaondoka.

Siku ya kumi na nne, tangu asubuhi hadi jioni, Bibi Nhan alihamisha mdodoki. Mdodoki hushika kwa vikono vilivyojikunja kama chemchemi, na kila kikono lazima kikatwe kwa mkasi, maana ukivuta, tawi linakuja nalo. Alikata mamia. Matawi matano yalivunjika. Kila moja likivunjika alisema “pole”, na haikueleweka anaambiwa nani. Maua yalianguka yote. Alichana suruali kuukuu ya mumewe vitambaa, akafunga navyo tawi moja refu, lenye dodoki, kuizunguka nguzo, juu, juu, mpaka karibu na vipaza sauti viwili vilivyopeana migongo. Dodoki akaliwekea kombeo la kitambaa, lisivute. Saa kumi na moja jioni kipaza sauti kikamsomea usoni, akiwa kwenye ngazi, kwamba kesho ndiyo mwisho.

Tarehe kumi na sita ujumbe ukaja: wanaume wanne, mwanamke mmoja, mwenye kamera mmoja. Aliyeongoza alikuwa mkubwa mmoja wa wilaya, kijana mwenye shati jeupe, aliyekulia ghorofa ya tano. Alitazama matairi, akayasifu. Alitazama ngoma ya vipepeo, akaisifu. Chini ya nguzo akasimama, akatabasamu, akanyosha mkono wote na mwisho wake kidole.

“Na hilo ni nini? Dodoki? Zuri sana!”

Kichochoro kizima kikakitazama kile kidole. Hata vipepeo vya karatasi viliacha kutikisika.

“Kiume,” alisema Bibi Nhan.

“Samahani, bibi?”

“Hicho kidole. Kiume kwa meno. Mara tatu.”

“Ni mila, mkuu,” Bwana Vuong alinong'ona, jasho likimtoka. “Mila nzuri. Iko kwenye kigezo cha kumi na sita.”

Mkuu alicheka. Alikuwa mtu mwema, asiyependa kuwaudhi wazee. Akakiuma kidole, mara moja, huku akicheka, mwenye kamera akapiga picha, na ujumbe ukaenda kula.

“Mara moja!” Bibi Soi alisema walipopinda kona. “Tena kwa meno ya mbele. Mbili zimebaki.”

Tarehe kumi na nane dodoki lilikuwa na doa karibu na ncha, tundu dogo kama la sindano, na tone la utomvu. Vitabu vya kilimo vinamtaja nzi fulani anayetaga ndani ya ngozi ya madodoki machanga, na vinashauri kuyavisha mifuko. Vitabu hivyo havimtaji mkuu wa wilaya. Huku kwetu nzi hakutajwa.

Bibi Nhan hakungoja dodoki lioze zima. Alilikata, akalipasua, nusu ya chini ilikuwa ya manjano na inatembea funza, nusu ya juu ilikuwa nyeupe, salama. Nusu hiyo ilienea kiganjani. Bibi Soi alileta kaa, amewatoa wapi hakusema, matope yakiwa mpaka mapajani mwake. Wakatwanga. Harufu ilipotoka kwenye chungu, Mzee Khiet aligeuza kichwa, yeye mwenyewe, kutoka ukutani.

Alimeza kijiko cha kwanza. Cha pili. Bibi Nhan alikuwa akihesabu kwa midomo bila sauti. Alifika sita. Chungu kilikuwa na sita tu.

“Inanukia,” alisema mzee.

Bibi Nhan akaweka bakuli chini. Hakuwa na kisu, na haikuwa saa sita, wala siku yenyewe.

“Litakuja lingine,” alisema. “Nakuuliza. Utakula au hutakula?”

Mzee alimtazama muda mrefu. Upande mzima wa mdomo ukasogea. Halafu ikatoka, silabi moja baada ya nyingine, kila moja ikivutwa kutoka mbali, lakini kwa mkato uleule wa mfenesi uliowatoa wanawake na mabakuli:

“Ni-hu-rumie. Nitakula.”

Bibi Nhan akaenda kuosha bakuli. Aliliosha kwa muda mrefu kuliko bakuli linavyohitaji.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kungoja tu, na kungoja hakuna ufundi. Mdodoki uliohamishwa hauzai mara moja. Unakaa kwanza ukihesabu ulichopoteza. Kila alfajiri ngazi, kila alfajiri hakuna. Siku ya sita Bibi Nhan alinunua dodoki la sokoni, akalifunga usiku kucha ndani ya majani ya mdodoki wake lishike harufu, akalipika. Mzee Khiet alimeza kijiko kimoja. Alijua; jicho lake lilisema. Lakini alikuwa ameahidi, na hakusema ‘maji’. Alimeza cha pili, nacho kikarudi, akafungua mdomo kwa cha tatu. Bibi Nhan ndiye aliyekiweka kijiko chini.

“Basi,” alisema. “Basi, baba Toan. Tulingoje letu.”

Toan alikuja na Diep. Diep hakugusa kitu jikoni. Alikaa ameshika mikono yake mwenyewe, kana kwamba ingemponyoka.

Mzee Khiet alifariki siku ya pili ya mwezi wa sita, saa kumi na moja na dakika kadhaa jioni, kipaza sauti kikisoma bei mpya ya mbolea. Bwana Vuong aliagiza kizimwe kwa siku tatu. Kisha akakumbushwa kwamba hana mamlaka hayo, kikaendelea.

Ua la kike la pili lilifunguka siku moja baada ya mazishi, juu kabisa, nyuma ya vipaza sauti. Bibi Nhan aliliona kutoka chini. Ngazi ilikuwa imeegemea palepale. Akaingia ndani.

Hakuna aliyelipaka unga, lakini wako nyuki mmoja au wawili waliosalia. Na hakuna aliyelinyoshea kidole, kwa kuwa hakuna aliyelitazama. Ulipofika mwezi wa kumi majani yalikauka, na kwenye nguzo yenye waya nyingi, mashina makavu ni waya nyingine tu.

Cheti kilikuja mwezi huohuo. Kipaza sauti kilitangaza, asubuhi na jioni, kwamba kijiji cha Ha Lieu kimetambuliwa rasmi kuwa Kijiji cha Mfano, na kwamba imethibitishwa kuwa hakuna kitu chochote kinachoning'inia juu ya njia ya umma. Watu walianza kulalamika kwamba sauti ina kasoro. Kila msomaji alipopandisha sauti, hasa kwenye neno ‘rasmi’, kitu kilichakacha. Wengine walisema ni waya. Bibi Soi alisema ni aibu.

Siku ya kumi na tisa ya tangazo hilo tarafa ikatuma fundi na barua. Alipanda, akabaki juu muda kidogo.

“Bibi!” aliita. “Hili ni lako?”

“Liko kwenye nguzo ya nani?”

“Ya tarafa.”

“Basi la tarafa.”

Fundi alilitazama dodoki, kavu, la kahawia, limebanwa kati ya vipaza sauti viwili. Akateremka nalo, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa kuwa alikuwa ameona kitambaa cheupe cha msiba kichwani mwake. Bibi Nhan alilitikisa sikioni. Akaingia nalo jikoni, akapigilia msumari mwingine, juu zaidi, na chini yake akaweka kiti kwa ajili ya mtu yeyote atakayetaka kuuliza kabla ya kusafisha.

Kwenye fomu, mahali pa sababu ya hitilafu, fundi aliandika: kutu. Kufikia hapo tangazo lilikuwa limekwisha kusomwa mara thelathini na sita.